Mlango Ambao Zefe Iliupita

Wageni wanaofika Bagamoyo siku hizi hunifuata barazani kuniuliza habari za ile njia kuu ya zamani, na uso wa mtu nikiutazama mara moja tu najua anachotaka. Anataka nimwambie ilikuwa nzuri. Haya, ilikuwa nzuri. Nyumba zilipakwa chokaa kila mwaka, baraza za mawe zilisuguliwa mpaka zikawa laini, na milango ilichongwa maua na samaki na minyororo. Lakini uzuri ule ulikuwa na wenyewe. Mimi sikuwa mmoja wao, mama yangu hakuwa mmoja wao, na anayetaka habari za njia ile kutoka kinywani mwangu avumilie kwanza habari za mama yangu.

Njia yenyewe haikuwa ndefu. Mtu mwenye haraka aliimaliza kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Lakini nani alikuwa na haraka pale? Pale palikuwa mahali pa kuonekana. Bwana harusi alipitishwa pale kwa ngoma na vigelegele. Wanawake wa ngoma ya lelemama walipita pale na sare zao mpya, kuwaonyesha wapinzani wao kwamba safari hii wameshindwa. Wahindi walipanga taa madirishani katika sikukuu zao. Serikali nayo, ikiwa na jambo la mfalme wake, ilituletea askari na tarumbeta, mawe ya kando yakapakwa chokaa, na watoto wa shule wakapewa vibendera vya kupepea.

Hata maiti walikuwa na daraja zao. Jeneza la mtu mwenye mlango mkubwa likipita, wenye maduka walifunga bawa moja la mlango wa duka, wakasimama mikono imeshikana mbele mpaka lipite. Jeneza la mtu wetu likipita, mizani iliendelea kupima sukari.

Siku ya njia ile hasa ilikuwa siku ya Maulidi. Baada ya sala ya alasiri wanaume walitoka msikitini na kanzu zao nyeupe, bendera za kijani mbele, matari nyuma, wakaishika njia yote wakimsifu Mtume. Hiyo ndiyo zefe. Na zefe haikuwa ya kupita tu, ilikuwa ya kusimama. Ilikuwa na milango kumi na miwili ya kusimama, wala si mmoja zaidi. Ikifika kwenye mlango ulio katika hesabu hiyo, matari yalinyamaza. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kufungua mabawa yote mawili ya mlango, jambo ambalo siku nyingine lilifanywa kwa harusi na kwa maiti tu. Mwanamume wa nyumba alitoka na chetezo kinachofuka udi, na mrashi wa kuwanyunyizia watu maji ya waridi. Wanawake walisimama nyuma ya mlango, kwenye giza la ukumbi. Kisha kiongozi wa zefe aliuliza, "Tuwarehemu nani?" Mwenye nyumba akataja majina ya wafu wake, mmoja mmoja, kwa sauti, na njia nzima ikawaombea na kuitikia amina.

Kwa nje ungeona udi na kanzu. Kilichokuwa kikigawiwa pale ni majina. Mwenye mlango wafu wake walitajwa kila mwaka mbele ya mji, na asiye na mlango wafu wake walitajwa jikoni, na mtu mmoja au wawili, wakati wa kuosha vyombo.

Mama yangu alikuwa mpishi wa udi. Alipika vipande vya udi kwa sukari na sandali na marashi na vitu vingine ambavyo hakuvitaja, na kila nyumba katika zile kumi na mbili ilikuwa na harufu yake. Nyumba moja ilipenda utamu, nyingine ilipenda ukali wa ambari, nyingine ilitaka harufu ile ile aliyoipenda babu yao. Wanaume wa zefe walijisifu kwamba hata wakifumba macho wangejua wamesimama kwa nani. Siku ya Maulidi mama aliamkia milango ya nyuma. Alianza kwa huyu akaishia kwa yule, na kapu la makaa na vifurushi vyake vya karatasi, na kabla ya alasiri alirudi tena kuwasha chetezo kimoja baada ya kingine na kumpa mwenye nyumba. Nyumba zote kumi na mbili zilinukia mkono wa mama yangu, na hakuna hata moja aliyoiingia kwa mbele.

Nyumba iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ya bibi mmoja mjane aliyekaa na mwanawe, nasi tulimwita Bi Mkubwa. Akiwa na wageni, mama akipita na sinia, alisema, "Huyu ni mtoto wa nyumbani kwetu." Mama alikuwa na mvi. Mtoto wa nyumbani ni maneno ya watu wastaarabu, na maana yake ni kwamba mama yake aliyemzaa alinunuliwa.

Bibi yangu aliletwa kutoka bara kwa miguu, akiwa msichana wa kimo cha kutosha kubeba mzigo, akaiingia njia hii hii wanayoniuliza wageni, shingo yake imefungwa pamoja na shingo za wenzake. Nyumba kubwa ikamnunua, ikampa jina. Lilikuwa jina la kitu cha dukani, jina ambalo mwenye akili zake humpa punda. Kwa jina hilo aliitwa, akazaa, akazikwa. Lakini alikuwa na jina lake la kwao, na kabla hajafa alimtilia mama sikioni.

Mama hakumwambia mtu, hata baba, hata mimi. Nilipomsumbua sana alinijibu, "Nitalisema siku zefe itakaposimama mlangoni kwetu. Litoke mara moja, na litoke mbele ya njia nzima. Wakilisikia kabla ya hapo watalichezea."

Alipoyasema hayo kwa mara ya kwanza tulikaa nyuma ya soko, katika nyumba ya udongo yenye mlango wa mabati.

Baba alikuwa seremala. Kazi yake kubwa ilikuwa kuirekebisha ile ile milango ya njia kuu, kubadilisha ubao ulioliwa na mchwa, kuchonga upya ua lililomomonyoka, na kwa miaka mingi alizijua sura za milango ile kuliko wenye nyumba walivyozijua. Wakati huo biashara ilikuwa imekwisha kuhamia Dar es Salaam, na kila mwaka duka moja au mawili ya Wahindi yalifungwa. Mwenye duka mmoja, aliyekuwa na urafiki na baba, alipohama alimuuzia nyumba yake. Haikuwa ya ghorofa, lakini ilikuwa palepale, katikati ya nyumba mbili zilizosimamiwa na zefe. Baba akaung'oa ule mlango wa duka, akakaa miaka miwili akichonga mlango wetu kila jioni akitoka kazini. Nilimshikia taa wakati mwingine. Alichonga mabawa yote mawili, akachonga mfaa, ule mhimili wa katikati, lakini ubao wa juu ya mlango aliuacha mtupu. Alitaka kuchonga pale jina la mkwewe, na mama hakumpa.

"Mpaka lisemwe kwanza," mama alisema. Baba akaguna, akauacha ubao wazi.

Maulidi ya kwanza katika nyumba ile nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na minne. Mama aliwasha vyetezo vya nyumba zote kumi na mbili, kisha akakimbia kwa vichochoro vya nyuma kuja kuwasha cha kwetu. Alikuwa amepika udi wa kumi na tatu, mtulivu, usio na ukali wowote, na nyumba ikajaa harufu ambayo sijapata kuinusa tena. Tukafungua mabawa yote mawili. Baba alisimama kizingitini na kanzu mpya, chetezo mkono huu na mrashi mkono huu. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya bawa la kushoto, na mama midomo yake ilikuwa ikicheza kama mtu anayejikumbusha kitu. Nilijua anajikumbusha nini.

Matari yalinyamaza kwa jirani. Tukasikia majina ya wafu wa jirani yote, na amina. Kisha matari yakaanza tena, yakatujia, yakawa mbele yetu kabisa, na hayakunyamaza. Kiongozi alikuwa akitazama mbele. Bendera zilipita, wazee wakapita, vijana wakapita. Baba alikuwa amekwisha kuunyanyua mrashi, na maji ya waridi yakawaangukia watu migongoni. Wakasimama kwa jirani wa pili.

"Pengine hawakutuona," mama alisema.

Mlango mpya wa mninga, mafuta yake bado yanang'aa, mtu mzima na kanzu yake kizingitini na moshi unafuka mpaka njiani. Hawakutuona!

Kesho yake baba alimwendea kiongozi wa zefe. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani, na baba akaeleza shida yake. Kiongozi hakumtolea ukali wowote. Alimwambia, "Bwana fundi, milango ya kusimama iliwekwa na wazee. Mimi siongezi wala sipunguzi." Baba aliporudi aliyarudia maneno hayo mara tatu, akiyapima.

Mama naye alikwenda kwa Bi Mkubwa, na mimi nilimfuata. Bi Mkubwa alikuwa kitandani, miguu imenyooshwa, anatafuna tambuu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mumeo kaenda kuuliza mambo ya zefe."

"Kaenda, Bi Mkubwa. Tumejaaliwa kamlango, tukaona labda nasi…"

"Sasa mwanangu, mnataka kusimamiwa mara ngapi? Si mnasimamiwa hapa? Ninyi si watu wa nyumba hii?"

Mama akasema ndiyo. Akasema ahsante. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha, na yeye alidhani nimechoka.

Mwaka uliofuata tulifungua mlango tena, na tena zefe ikatupita. Lakini mwaka huo kulikuwa na Bwana Shauri mpya, mkuu wa wilaya, Mzungu mrefu aliyependa kutazama ngoma na kuandika kitabuni, na alikuwa ameomba aione zefe. Basi zefe ilipofika mbele ya baraza yake ilisimama. Matari yakanyamaza. Mzungu alisimama kofia mkononi, hana chetezo, hana mrashi, hana mfu wa kutajiwa, na kiongozi akamwombea afya na uongozi mwema, watu wakaitikia amina. Yule yule aliyekuwa haongezi wala hapunguzi! Baba aliposikia alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikageuka kikohozi, na kikohozi kile hakikumwacha. Kabla mvua za masika hazijakatika tukamzika. Jeneza lilitoka katika mlango alioufanya kwa mikono yake, mabawa yote mawili wazi, likapita njia kuu, na nilisikia kwa masikio yangu mawe ya mizani yakigongana katika duka la tatu.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Nasema ndiyo maana, sisemi nilikuwa na haki. Nilikuwa na miaka kumi na sita na hasira zilizonizidi umri.

Usiku wa kuamkia Maulidi ya mwaka ule vifurushi vya udi vilikuwa vimepangwa juu ya sinia, kila kimoja na uzi wake wa rangi, ndivyo mama alivyovitambua. Cha Bi Mkubwa kilikuwa na uzi mwekundu. Mama alipolala nilichukua pilipili kichaa zilizokauka, nikazisaga mpaka zikawa vumbi, nikalichanganya vumbi lile na udi wa uzi mwekundu, nikafunga kama kilivyokuwa. Asubuhi nikambebea mama kapu la makaa, mtoto mwema kabisa.

Alasiri ilipofika mama aliwasha chetezo cha Bi Mkubwa mwisho, zefe ikiwa imekwisha kukaribia. Makaa yalikuwa bado na majivu, kwa hiyo moshi ulichelewa. Mwana wa Bi Mkubwa akakipokea akatoka nacho. Matari yakanyamaza. Kiongozi akasogea, akavuta pumzi kama alivyozoea, maana harufu ya nyumba ile ndiyo aliyoipenda kuliko zote, akafungua kinywa aulize. Hakuuliza. Alikohoa mpaka kilemba kikamwanguka. Walio nyuma yake wakapokea kikohozi, na walio nyuma yao, bendera zikainama, wazee wakawa wanafuta macho kwa ncha za kanzu, na watoto waliokuwa juu ya baraza wakapasuka vicheko. Mwana wa Bi Mkubwa akakitupa chetezo chini. Mwaka ule wafu wa nyumba kubwa hawakutajwa.

Mimi nilikuwa mlango wa nyuma, nikiangalia kupitia ukumbini, na nakiri nilifurahi. Furaha ile ilidumu muda wa mtu kunywa maji.

Mama alikiokota chetezo. Alikinusa mara moja tu, kisha akainua macho akanitazama mimi, si mtu mwingine yeyote. Pua ile isingeweza kudanganywa. Bi Mkubwa alikuwa anakuja, anakohoa na kulia, mkono ukutani.

"Umenifanya nini? Umenifanya nini mbele ya watu?"

"Nimekosea mimi, Bi Mkubwa. Jana nilisaga pilipili kwenye kinu kile kile. Sikukiosha."

"Miaka yote hiyo hujakosea, ukosee leo? Mimi nimekulea. Nimekulisha. Leo unanitia aibu siku ya Mtume."

Mama akapiga magoti akamshika miguu. Shikamoo tunaitoa kila asubuhi bila kufikiri. Siku ile niliiona miguu yenyewe ikishikwa, na mikono iliyoishika ilinuka udi, na yote hayo niliyaleta mimi.

Nyumbani hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa juu ya mkeka, akanyoosha miguu, akasema, "Walikuwa wakinihitaji siku moja kwa mwaka. Umeiondoa."

Baadaye, labda siku ya tatu, aliniambia na la pili. Baada ya kufa baba alikuwa amemwendea tena Bi Mkubwa, peke yake, akamwomba, na safari ile Bi Mkubwa alilegea. Alimwambia Maulidi haya yakipita atazungumza na kiongozi, mwakani zefe isimame kwetu, walau kwa ajili ya fundi aliyeitengeneza milango ya watu wote. Mama alikuwa amenificha, aje anishtue kwa furaha. Mpaka leo sijui kama Bi Mkubwa angetimiza. Nikiwaza kwa akili naona asingetimiza. Lakini mimi ndiye niliyehakikisha kwamba hatutajua kamwe.

Maneno yakaenea, kama yanavyoenea katika mji wenye baraza nyingi. Wengine walisema amelipiza kisasi cha mumewe. Wengine wakasema haikuwa pilipili hata kidogo, ilikuwa dawa, na kwamba watoto wa nyumbani hawasahau. Hakuna aliyemgombeza, wala hakuna aliyemwita tena. Mwaka uliofuata nyumba zote kumi na mbili ziliwasha vijiti vya udi vya dukani, na njia nzima ikawa na harufu moja, kama saluni.

Mama hakuacha. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisimulia vizuri. Kila Maulidi alipika udi wetu, ule wa kumi na tatu, akafungua mabawa yote mawili ya mlango, akasimama kizingitini na buibui lake kwa kuwa mwanamume wa kusimama hakuwapo, chetezo mikononi, na kila Maulidi zefe ilimpita. Nilimwambia tufunge mlango. Nilimwambia anajiaibisha. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayarudia. Akinijibu alinijibu moja tu: "Kuna mtu anangoja, si mimi."

Vita vya pili vikaja vikaenda. Mimi niliolewa Mlingotini nikakaa miaka minne kasoro, nikarudi na godoro langu na talaka tatu, na mama akanifungulia mlango bila swali. Njia kuu ilikuwa inakufa. Wenye nyumba walihamia Dar es Salaam, wengine Unguja, wengine Mombasa, nyumba zikafungwa kufuli na mapopo wakaingia madarini. Na zefe? Zefe ilisimama palepale. Nimeona kwa macho yangu wanaume wazima wakinyamazisha matari mbele ya nyumba isiyo na mtu, kiongozi anakiuliza kitasa, "Tuwarehemu nani?" kisha anajijibu mwenyewe kwa majina aliyoyakariri. Wanaliombea kufuli, wanaitikia amina, halafu wanampita mama yangu aliye hai, mwenye moto mkononi, kana kwamba ndiye nyumba tupu.

Nilimwomba lile jina. Nilimwomba nikiwa mwanamke mtu mzima, na heshima zote. "Mama, watu hawa hawatasimama. Nipe mimi." "Wewe una haraka," alisema. "Siku zote una haraka." Sikumwomba tena kwa sababu nilikasirika, na yeye hakunipa kwa sababu, nadhani, kila aliponitazama alikiona kifurushi cha uzi mwekundu. Tulipendana. Tulikula sahani moja, nilimsuka nywele, alinikanda mgongo. Lakini jina lile lilikaa kati yetu na hakuna aliyelivuka.

Upishi wa udi nao hakunifundisha. Nilipomsogelea na sufuria alinituma maji.

Alifariki wakati wa kaskazi, baada ya siku mbili za kutosema. Siku ya kwanza nilimwinamia nikamwambia, "Mama, jina." Midomo ilicheza. Niliweka sikio mpaka likamgusa. Sikusikia kitu, na sitadanganya kwamba nilisikia.

Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kufa kabla yake. Dari la nyumba kubwa likaanguka, na mlango wake, ule ambao baba aliutengeneza mara nne, ulinunuliwa na kusafirishwa, wanasema uko ukumbini kwa mtu Ulaya. Kiongozi wa zefe naye akazeeka, akampa kazi mwana wa ndugu yake, mwalimu wa shule, kijana mwenye miwani. Mwaka wake wa kwanza alizunguka njia yote mchana na karatasi, anahesabu, na katika milango kumi na miwili alikuta miwili yenye watu. Akaja kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Maulidi haya tunaomba tusimame na hapa. Ukiwa radhi."

Ukiwa radhi! Nilitaka kumwambia wapi pa kwenda kusimama. Nilikuwa nayo maneno, nilikuwa nimeyaweka akiba tangu nina miaka kumi na minne. Lakini hakuwa amezaliwa baba aliporusha maji ya waridi kwenye migongo ya watu, na niliona amekuja na viatu vyake mkononi, amevivua tangu barazani. Nikasema, "Karibuni."

Siku hiyo nilifagia, nikaufuta mlango kwa mafuta, nikapanda kiti nikaufuta na ule ubao mtupu wa juu. Nikafungua mabawa yote mawili. Udi nilinunua dukani, vijiti, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kuwasha, nikavichomeka katika chetezo cha mama. Vilinuka kama vinavyonuka. Nikasimama nyuma ya bawa la kushoto, pale pale.

Matari yakaja. Yalipofika mbele yetu yakanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kimya kile. Njia nzima ilikuwa imesimama, wanaume wachache kuliko zamani, kanzu zimefubaa, lakini ilikuwa njia nzima, na walikuwa wanautazama mlango wangu.

"Tuwarehemu nani?" mwalimu akauliza.

Nikataja jina la baba. Amina. Nikataja jina la mama. Amina.

"Na nani mwingine, mama?"

"Na mama yake."

"Anaitwa nani?"

Walingoja. Hakuna aliyekohoa. Kiongozi alikuwa ameinamisha kichwa upande, ananisogezea sikio kwa adabu, na mtu mmoja nyuma akainua mikono tayari kwa dua. Nikawatajia lile jina la dukani, lile alilopewa na watu waliomnunua, maana ndilo pekee nililokuwa nalo. Wanaume wote wa njia kuu wakalirudia kwa sauti, wakalitakia pepo, wakaitikia amina.